Bahasha Haingoji Arobaini

MWANAISHA: Karibuni tena barazani kwetu, hapa Lamu. Leo Athmani ana jambo la nyumbani kwao.

ATHMANI: La kwetu kabisa. Mke wa ami yangu, Mungu amrehemu, alifia Marekani. Bintiye akanitumia kwa wasapu picha ya bahasha aliyoiegemeza kwenye birika. Haijafunguliwa. "Nitaifungua arobaini ikipita, sasa sina moyo."

MWANAISHA: Masikini! Ilikuwa na nini?

ATHMANI: Barua ya mkopeshaji. Marehemu alikuwa na rehani ya kinyume. Kule, mtu akitimiza miaka 62 na ana nyumba, anaweza kukopa juu ya ile nyumba asilipe kitu kila mwezi, maadamu anaishi humo. Kodi ya serikali juu ya nyumba hiyo na bima analipa. Riba inajilimbikiza, na akifa linadaiwa lote.

MWANAISHA: Riba, Athmani!

ATHMANI: Imeniuma. Lakini alikuwa mjane na dawa zake ghali, simhukumu. Kilichonitisha ni siku. Warithi wakipata notisi wana siku 30 waseme kama watalipa, watauza au watakabidhi nyumba. Siku 30, Bi Mwanaisha! Arobaini haijafika. Wakinyamaza, mambo ya mnada yanaanza. Wakijibu, wanaweza kupata miezi 6 ya kuuza au kutafuta pesa, na wakiomba nyongeza, hata mwaka.

MWANAISHA: Kwetu maiti hajaondoka, mtu husimama akasema, "Anayemdai marehemu aje kwetu." Sasa binti huyu, deni limemwangukia shingoni?

ATHMANI: Hapana. Mikopo hii ikiwa na bima ya serikali yao, ile inayoitwa HECM, haimfuati mtoto. Imeishika nyumba tu. Tuseme deni limefika dola 260,000, na mthamini anasema nyumba ni 200,000. Akitaka kubaki nayo, analipa asilimia 95 ya thamani, yaani 190,000. Hataki, anaikabidhi, na mshahara wake hauguswi. Ikiuzwa kwa zaidi ya deni, kinachobaki ni cha warithi.

MWANAISHA: Alhamdulillahi. Mtu anaweza kukosa usingizi mwaka mzima kwa kutojua hilo.

ATHMANI: Binti huyu alikuwa hata chakula hali. Tuliifungua pamoja, hapa saa nane za usiku, kwake jioni. Namsikia akichana karatasi, kisha kimya, kisha analia. Ilikuwa siku ya 19. Asubuhi yake akapiga simu, akapeleka cheti cha kifo, akaomba hesabu ya deni kwa maandishi na muda wa kuuza. Wakampa.

MWANAISHA: Na huku?

ATHMANI: Huku tulitangaza msikitini kama desturi. Akaja mama mmoja mshona kofia na daftari lake, anadai shilingi 4,000 zilizobaki za kofia aliyoagizwa na marehemu. Tulimlipa akiwa bado amesimama dakani.