Wahandisi Wawili wa Mwaka 1895

Ndugu wahandisi, mabibi na mabwana,

Mwaka 1895 vijana wawili, Alfred Sloan na Gerard Swope, walihitimu uhandisi wa umeme pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, wakati kingali Boston. Hakuna hata mmoja wao anayekumbukwa kwa mtambo aliouvumbua. Swope alikabidhiwa General Electric, kampuni ya vifaa vya umeme, mwaka 1922, na mwaka uliofuata Sloan akawa rais wa General Motors, kampuni ya magari. Mnaniuliza mara kwa mara mhandisi anapopewa kiwanda akiendeshe anaingia nacho nini kutoka kwenye fani yake. Wao wawili walijibu kwa vitendo, na majibu yao hayakufanana.

Sloan hakukaa kwenye umeme. Alikwenda Hyatt, kiwanda kidogo cha beringi huko New Jersey. Mteja wake mmoja alikuwa Henry Leland wa kampuni ya magari ya Cadillac, bingwa wa vipimo, ambaye hakukubali beringi zisizolingana hata kama zinazunguka vizuri. Somo hilo Sloan hakulisahau. Mwaka 1916 Hyatt ilinunuliwa kwa dola milioni 13.5, na kwa mlango huo akaingia kwenye himaya ya William Durant, mwanzilishi wa General Motors.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Mwaka 1920 soko la magari lilianguka. Kila tawi la General Motors lilikuwa limejinunulia chuma, mpira na vipuri kadiri lilivyotaka, na makao makuu hayakuwa na namna ya kulizuia. Mali ikarundikana ghalani, fedha zikakauka, Durant akaondoka. Sloan alishaandika mpango: kila tawi lijiendeshe lenyewe, lakini fedha na takwimu zisimamiwe kutoka katikati. Kisha wauzaji wa magari wakatakiwa kuleta ripoti ya mauzo kila siku 10, ili uzalishaji upandishwe au ushushwe kulingana na magari yanayonunuliwa kweli, wala si kwa matumaini ya mkuu wa tawi. Mhandisi yeyote wa udhibiti anaitambua kazi hiyo: unapima kinachotoka, unarudisha kipimo, unarekebisha kinachoingia. Kwangu mimi huo ni uhandisi kamili, ingawa hauna hata waya mmoja.

Swope alipitia njia nyingine. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1893, alifanya kibarua General Electric kwa dola 1 kwa siku. Baada ya kuhitimu aliajiriwa Western Electric, Chicago, na jioni akawa anafundisha wafanyakazi hesabu na umeme pale Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyoanzishwa na Jane Addams katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Alihamia kuishi humo, na humo akampata mkewe, Mary Hill. Wasifu nyingi hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kupita. Mimi naliona ni nusu ya elimu yake.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1926 Swope mwenyewe alimwendea William Green, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akimshauri waunde chama kimoja kwa wafanyakazi wote wa General Electric badala ya vyama vingi vya kila fundi na fani yake. Green hakulichukua wazo hilo. Kwa Sloan, kampuni iliyokuwa ikijua mauzo yake kila siku 10 haikutaka kukaa meza moja na chama cha watu waliokuwa wakilalamikia kasi ya mistari ya kuunganishia magari. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa Flint, Michigan, waliacha kazi wakakaa humo humo viwandani. Walikaa siku 44. Mkataba ulitiwa saini tarehe 11 Februari 1937, na General Motors ikakitambua chama chao.

General Electric ilifikia mkataba wa nchi nzima na wafanyakazi wake mwaka 1938, bila ya kupitia Flint yake.