Klaus Töpfer: Mchumi Aliyewarudishia Wenye Viwanda Taka Zao

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie mwanasiasa wa Ujerumani aliyeyatumikia mazingira, na huenda wengi wenu mlitarajia jina kutoka chama cha Kijani. Nimemchagua Klaus Töpfer wa chama cha kihafidhina cha CDU, mchumi kwa taaluma, ambaye miaka minane ya utumishi wake aliimalizia kwa majirani zetu, Gigiri, Nairobi, yaliko makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP). Ninataka tutazame jinsi alivyoiondoa gharama ya uchafuzi mabegani mwa jamii nzima na kumtwika yule anayeusababisha.

Alizaliwa mwaka 1938 huko Silesia, eneo ambalo leo limo ndani ya Poland, na baada ya vita familia yake ikalazimika kuhama na kuanza upya katika mji wa Höxter. Alipata uzamivu mwaka 1968, akapanda ngazi katika serikali ya jimbo la Rheinland-Pfalz, na mwaka 1987 Kansela Helmut Kohl akamkabidhi Wizara ya Mazingira ya shirikisho, ambayo ilikuwa imeundwa mwaka mmoja tu kabla, kufuatia ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl.

Töpfer alirithi mto uliojeruhiwa. Mnamo Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi, na maji ya kuzimia moto yakasomba viuatilifu hadi Mto Rhine, ambako mikunga walikufa kwa umbali wa mamia ya kilomita. Mwaka 1988 Töpfer, akiwa amevaa vazi la wapiga mbizi, alijitosa katika mto huo na kuogelea mbele ya wapiga picha. Wapo walioliona jambo hilo kuwa maonyesho matupu. Mimi naliona kuwa ahadi aliyoiweka hadharani, kwa maana waziri aliyeogelea mtoni hawezi tena kuyakimbia maswali ya wananchi kuhusu maji yake.

Kazi yake iliyodumu zaidi, hata hivyo, ilihusu taka. Madampo ya Ujerumani Magharibi yalikuwa yakijaa, na mwaka 1991 Töpfer alipitisha kanuni ya vifungashio iliyowataka watengenezaji na wauzaji wavichukue tena vifungashio walivyoviingiza sokoni. Chukueni mfano wa boksi la karatasi linalofunika dawa ya meno: mteja alipewa haki ya kulivua dukani na kuliacha palepale, nalo likawa mzigo wa mwenye duka. Haukupita muda mrefu, wenye maduka wakawauliza wenye viwanda boksi hilo lina kazi gani. Ili kukwepa usumbufu wa kupokea taka madukani, kampuni ziliunda mfumo wao wa ukusanyaji, zikawa zinalipia haki ya kuchapa alama ya Nukta ya Kijani kwa kadiri ya uzito na aina ya kifungashio. Mfumo huo ulikuwa na kasoro ambazo hatuna haki ya kuzificha: mwaka 1993 nusura ufilisike, na plastiki iliyokusanywa ilizidi uwezo wa viwanda vya urejelezaji, kiasi kwamba nyingine ilisafirishwa nje ya nchi. Lakini kanuni yenyewe, kwamba anayetengeneza hana budi kuwajibika hadi mwisho wa maisha ya bidhaa yake, ilisimama.

Februari 1998 alishika uongozi wa UNEP wakati michango ya wafadhili ilikuwa imepungua na imani yao kutikisika. Wakati huohuo alikaimu uongozi wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, hadi mwaka 2000 alipompisha Mtanzania mwenzetu, Profesa Anna Tibaijuka. Baada ya vita vya Kosovo vya mwaka 1999, UNEP ilituma wataalamu kupima sumu katika viwanda vilivyopigwa mabomu, kama vile vya Pančevo nchini Serbia, na tangu hapo uchunguzi wa mazingira baada ya vita ukawa sehemu ya kazi zake za kawaida. Mwaka 2001 ulitiwa saini Mkataba wa Stockholm dhidi ya kemikali sugu 12, yaani sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira, ambao uliibana dawa ya kuua wadudu ya DDT lakini ukaacha mlango wa kuitumia dhidi ya mbu wa malaria. Kwetu sisi tunaouguza watoto wenye homa hiyo, kifungu hicho kina uzito wa pekee, kwa sababu kinakubali kwamba afya ya maskini ni sehemu ya hesabu ya mazingira.

Alistaafu UNEP mwaka 2006, na mwaka 2011, baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, akawa mwenyekiti mwenza wa tume iliyopendekeza Ujerumani iachane na nyuklia. Alifariki Juni 2024. Miaka miwili kabla ya hapo, Kenya ilikuwa imepitisha sheria ya usimamizi wa taka inayomtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa zake hata zinapokwisha kutumika, na baadaye wenye viwanda wa Nairobi wakabishana juu ya ada ya vifungashio, kama walivyobishana wenzao wa Ujerumani mwaka 1991.