Mwenza Akipata Kazi Nje ya Nchi: Tuhame au Tusihame?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za watumishi na wataalamu wetu. Mume au mke amepata barua ya ajira kutoka nchi nyingine, na sasa wawili hao wanapaswa kuamua kama watahama pamoja, kama mmoja atatangulia, au kama barua ile ijibiwe kwa shukrani na maisha yaendelee hapa hapa.

Mimi ni wakili wa mashauri ya ndoa na ajira, na watu wanaofika ofisini kwetu kwa jambo hili huja wameshika mkataba wa yule aliyepata kazi. Huomba tuwasomee mshahara, muda wa majaribio, likizo na bima. Karatasi hiyo ni ya lazima, nasi huisoma. Lakini ndani yake yule mwenza wa pili hatajwi, au anatajwa katika mstari mmoja unaohusu tiketi za ndege. Msimamo wangu, ambao nitautetea jioni hii, ni kwamba mashauriano ya kuhama yaanzie kwa yule ambaye hakuandikiwa barua. Tujue kwanza atakuwa katika hali gani huko aendako, kisheria, kifedha na kikazi, na tukishalijua hilo ndipo tuupime mshahara.

Nianze na sheria, kwa sababu ndiyo inayowashtua watu wakati wamekwisha kuuza vyombo vya ndani. Nchi hazifanani katika namna zinavyompokea mwenza wa mwajiriwa. Mke wa mtaalamu aliyepewa viza ya kazi ya Marekani iitwayo H-1B huingia kwa viza ya wategemezi iitwayo H-4, na kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa mpaka mumewe afikie hatua fulani ya maombi ya ukaazi wa kudumu, hatua ambayo huweza kuchukua miaka. Katika Falme za Kiarabu familia hukaa chini ya udhamini wa mwajiriwa, na mwenza anayetaka kazi lazima apate mwajiri atakayemwombea kibali chake mwenyewe. Ujerumani humruhusu mwenza kufanya kazi mara anapopata kibali cha kuungana na familia, ila mara nyingi atatakiwa kuthibitisha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, kabla ya kupewa viza, isipokuwa kama mwajiriwa anakwenda kwa Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha wataalamu wenye sifa za juu. Kanada nayo, tangu tarehe 21 Januari 2025, imepunguza aina za kazi ambazo mwenye nazo anaweza kumpatia mwenza wake kibali huria cha kazi, yaani kisichomfunga kwa mwajiri mmoja.

Uingereza nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa inaonyesha vizuri jinsi kanuni zinavyoweza kubadilika huku barua ikiwa bado mezani. Mwenza wa mfanyakazi stadi huko anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, na jambo hilo limezisaidia familia nyingi za Kiafrika. Hata hivyo, tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wa malezi ya wazee na wagonjwa walizuiwa kuingia na wenza na watoto, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuwaajiri wahudumu hao kutoka nje ukafungwa. Siku hiyo hiyo kima cha jumla cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi stadi kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Kwa hiyo ndugu aliyehamia kule mwaka 2022 akiwa na mke na watoto wawili anaweza kukusimulia njia aliyopita, tena kwa nia njema kabisa, na njia hiyo isiwepo tena. Anayetaka kuamua asome kanuni za mwezi anaoombea viza, asizipokee kwa wakala wala kwa shemeji.

Lipo na jambo ambalo wanandoa hawapendi kulitamka mbele ya kila mmoja wao. Viza ya mwenza hufungamana na kazi ya mwajiriwa na ndoa yenyewe. Kazi ikikoma, au ndoa ikivunjika, kibali cha yule aliyefuata nacho huingia shakani. Marekani humpa mwenye H-1B aliyepoteza kazi muda usiozidi siku 60 wa kutafuta mwajiri mwingine, kubadili aina ya viza au kuondoka, na mwenza wake huhesabiwa pamoja naye. Siwaombi wanandoa waingie safarini wakitazamia talaka. Ninachowaomba ni kwamba yule anayefuata ajue kabla ya kupanda ndege kwamba haki yake ya kubaki katika nchi ile haitokani na yeye mwenyewe, kisha aamue kwa hiari yake kama yuko tayari kuishi hivyo, na kwa muda gani.

Sasa fedha. Tuseme mhandisi wa hapa Dar es Salaam amepata kazi Manchester kwa viza ya mfanyakazi stadi ya miaka 3, naye ana mke na watoto wawili. Uingereza hutoza mchango wa huduma ya afya wa pauni 1,035 kwa kila mtu mzima kwa mwaka na pauni 776 kwa kila mtoto, na fedha hizo hulipwa kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Kwa familia ile ni pauni 3,622 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni pauni 10,866, kabla ya ada za viza zenyewe, kabla ya tiketi, kabla ya kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza. Waombaji wa viza ya afya na uangalizi, wakiwemo wauguzi, wamesamehewa mchango huo pamoja na wategemezi wao, lakini mhandisi hakusamehewa. Baadhi ya waajiri humlipia mwajiriwa peke yake na kuiacha familia ijitegemee. Swali la nani analipia watoto na mwenza liulizwe kwa maandishi kabla ya kutia saini, kwa sababu baada ya saini uwezo wa kujadiliana hupungua sana.

Mshahara nao ufanyiwe hesabu kwa kile kinachofika mkononi. Muuguzi anayeanza katika hospitali za umma za England kwa daraja la tano alipangiwa pauni 31,049 kwa mwaka wa fedha 2025/26. Ukiondoa kodi ya mapato na bima ya taifa, hubaki takriban pauni 2,150 kwa mwezi, na mchango wa pensheni bado haujakatwa. Mtu akizizidisha fedha hizo kwa shilingi akiwa amekaa Mbagala, huona utajiri. Lakini zitatumika kule, na kodi ya nyumba peke yake katika miji mingi huchukua sehemu kubwa ya fedha hizo. Tena viza hizi kwa kawaida huandikwa kwamba mwenye nayo hana haki ya kufaidi fedha za umma, hivyo familia hukosa sehemu kubwa ya ruzuku ya malezi ya watoto ambayo majirani zao raia huipata. Hapo ndipo hesabu humrudia yule aliyefuata: kama malezi ya mtoto mdogo ni ghali kuliko ujira wa kazi ya kwanza atakayoipata, atabaki nyumbani, hata kama sheria imemruhusu kufanya kazi.

Namfikiria mume mmoja niliyezungumza naye, fundi sanifu wa umeme aliyemfuata mkewe muuguzi. Mkewe alikuwa akiingia zamu ya usiku, na yeye ndiye aliyempeleka mtoto shule, akampikia, akamwogesha na kumnyamazisha mchana ili mama apate usingizi. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo. Kilichomuumiza, kwa maneno yake, ni kuomba fedha ya kinyozi. Alikuwa mtu aliyezoea kushika mshahara wake tangu ujana, na hakuna aliyemnyima, mkewe alimpa kila alipoomba, lakini kule kuomba kwenyewe kulimla kidogo kidogo mpaka akawa mtu wa kukaa kimya. Ndugu zake hapa nyumbani nao waliongeza uzito kwa kusema kwamba ameolewa. Nasema kwa uwazi kwamba maneno ya namna hiyo ni ukatili, na wazazi wa pande zote mbili wanapaswa kuyakemea kabla ya safari, kwa sababu mwanamume anayemfuata mkewe anafanya jambo lile lile ambalo wanawake wetu wamelifanya kwa vizazi bila kushukuriwa.

Kutokana na mambo kama hayo, ofisini kwetu huwashauri wanandoa wakubaliane kwamba kila mwezi kiasi maalumu kitaingia katika akaunti ya yule asiye na ajira kama haki yake, bila kuombwa, na kwamba kabla ya kuondoka iwekwe kwa jina lake akiba inayotosha tiketi ya kurudi na miezi kadhaa ya kujikimu. Wapo wanaoona kwamba akiba hiyo ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake, maana anayejua kwamba anaweza kurudi hukaa kwa kupenda.

Upande wa kazi anayoiacha ndipo penye hasara ambazo hazionekani mapema. Chukueni mwalimu wa sekondari wa Morogoro, mtumishi wa umma, aliyechangia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kwa miaka 13. Sheria ya mwaka 2018 inataka mwanachama awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, ili astahili pensheni ya kila mwezi uzeeni. Mwalimu huyu ana miezi 156. Akijiuzulu leo kumfuata mumewe, amebakiwa na miezi 24 tu kufikia kiwango hicho, na mwenye miezi pungufu haingii katika pensheni ya kila mwezi. Wanandoa wakiijua hesabu hiyo, maongezi yao hubadilika kabisa. Huenda mume akatangulia kwa miaka miwili, au mwalimu akaomba kwanza likizo bila malipo na kuuliza kwa maandishi kama muda huo utahesabiwa katika uchangiaji, au wakaamua kwa macho mawili kwamba hasara hiyo wanaikubali na mume ataifidia kwa uwekezaji wa jina la mkewe. Wenye taaluma za leseni nao wana la kuangalia: wakili huhuisha cheti chake kila mwaka, na muuguzi na daktari wana mabaraza yao. Ada hizo ni ndogo kuliko usumbufu wa kuanza upya, kwa hiyo ziendelee kulipwa.

Kuhusu nyumba na kiwanja nitasema machache, kwa kuwa ni mambo ya sheria yetu wenyewe. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Wanaohama hupenda kuipangisha nyumba na kumwachia ndugu hati ya uwakilishi. Ndugu huyo apewe mamlaka ya kukusanya kodi na kufanya matengenezo, asipewe mamlaka ya kuuza, na saini ziwe za wote wawili. Ama yule atakayekaa nyumbani ughaibuni akilea watoto, ajue kwamba Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo katika shauri lile kutokana na mazingira yake. Msingi uliowekwa siku ile ndio tunaousimamia mpaka leo.

Wazazi wasisahauliwe. Katika familia zetu mara nyingi yule asiye na barua ndiye anayempeleka mama mkwe kliniki ya kisukari, ndiye anayejua dawa zake na jina la daktari wake. Akiondoka, nafasi hiyo haijazwi na fedha inayotumwa kwa simu. Kikao cha familia kifanyike, atajwe kwa jina nani atakayepokea jukumu hilo, na atakayelipokea aridhie mwenyewe mbele ya wengine, maana ndugu mara nyingi hupangiwa kazi hii wakiwa hawapo.

Kuna wanaochagua mmoja atangulie peke yake. Njia hii inafaa pale ambapo ina tarehe. Mkubaliane kwamba baada ya miezi 18, kwa mfano, ama familia itaunganika kule au aliyetangulia atarudi, na tarehe hiyo isisogezwe kwa ujumbe wa simu bali kwa kukaa pamoja ana kwa ana. Utengano usio na tarehe ndio unaotuletea mashauri mengi, na watoto ndio hulipa zaidi.

Na kama baada ya hayo yote jibu ni hapana, lisemwe na wote wawili na liandikwe hivyo. Aliyeiacha kazi ya Doha au ya Berlin kwa ajili ya nyumba yake asirudishiwe jambo hilo katika ugomvi, wala yeye asimdai mwenzake kila fedha inapopungua. Pia waandike zamu itakuwa ya nani: kama safari hii tumehama, au tumebaki, kwa ajili ya kazi ya mmoja, basi barua itakayofuata itapimwa kwa kuanzia kazi ya yule mwingine. Karatasi ya namna hiyo haina nguvu kubwa mahakamani, nami huwaambia hivyo wanaoniomba niiandae. Lakini nimewaona watu wakiitoa kabatini baada ya miaka na kuifuata, bila wakili kuhusika.