Asiyeambilika, Tena kwa Makelele

Ndugu zangu wafasiri na wakalimani, wakubwa shikamooni, vijana habari za jioni.

Neno mlilonipa leo ni kivumishi cha Kiingereza, obstreperous. Wengi wetu tukikutana nalo huandika "mwenye kelele", tukasonga mbele. Mimi nasema hapo tumeacha nusu ya neno, na ndiyo nusu nzito.

Asili yake ni Kilatini. Strepere ni kupiga kelele, na ob ni dhidi ya kitu. Warumi walisema obstrepere pale watu walipompigia makelele msemaji hadi asisikike. Kwa hiyo tangu mwanzo kelele hii ina mtu inayempinga.

Nendeni Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Kile kipaza sauti cha "elfu mbili, elfu mbili, chagua mwenyewe" hakinyamazi tangu asubuhi. Ni kelele tupu, lakini hakuna anayekaidiwa, basi neno letu halimo. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba na Yanga zinapokutana, kuna nderemo na vifijo. Huko Mwingereza angesema boisterous. Na sauti ya kukwaruza, kama ya mtu aliyepwelewa, ni raucous.

Sasa pandeni daladala ya Mbagala jioni, watu wakitoka kazini. Konda anasema, "Kaka, sogea nyuma wenzio wapande." Kaka kashika bomba pale mlangoni: "Sisogei! Nauli si nimelipa? Nishushe kama unaweza!" Konda anabembeleza, "Bosi wangu, hatua moja tu." Ndiyo kwanza sauti inapanda, mishipa ya shingo imemtoka, na mama aliyebeba ndoo ya samaki bado yuko chini anasubiri. Hajampiga mtu, hajavunja kioo. Kagoma, na anagoma kwa makelele. Huyo ndiye obstreperous.

Kiswahili kinammudu vizuri sana. Mtoto wa namna hiyo tunamwita mtukutu asiyeambilika. Mtu mzima ni mbishi, mkaidi, anayepayuka akikatazwa.

Nalishikilia hili kwa sababu ya mahakama. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na mahakama, na maandishi mengi ya Kiingereza yatapita mikononi mwenu. Shahidi kaelezwa kwa neno hili, nawe ukaandika "alifanya fujo". Umeshamtia hatiani! Fujo kwetu ni neno la kituo cha polisi. Anayelisoma anaona viti vikirushwa, kumbe mzee wa watu alikataa tu kuketi alipoambiwa aketi, akapaza sauti. Andikeni alichofanya: "alibisha kwa makelele, akakataa kutii."

Najua mhariri atalalamika kwamba neno moja limezaa sentensi. Akishikilia kupunguza, ondoeni makelele, kule kukataa kubaki. Maana siku hizi Waingereza wenyewe hulitumia hata kwa mkaidi asiyepaza sauti.