Kabla Hujanunua Glopu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepewa muda mpaka Magharibi, na jua naliona kwenye dirisha lile, kwa hivyo naanza bila ya mizunguko. Nyinyi ni madereva na vijana wa gereji. Taa ya mbele mnaijua, fyuzi mnaijua, sina haja ya kukuelezeni. Nina neno moja tu, na walionisikiliza Wete na Mkoani wameshalichoka: usinunue glopu kabla hujapima waya wa bodi, ule unaourudisha umeme wa taa kwenye betri kwa njia ya bodi ya gari. Nitalisema tena leo kwa sababu kila wiki inaletwa gari kwangu ina glopu mpya na giza lile lile.

Kwanza nikuambieni kwa nini jambo hili linaninyima usingizi. Sisi tunaendesha kushoto. Taa ya kulia ndiyo inayoonyesha gari yako imefika wapi upande wa katikati ya barabara. Ikizima hiyo, anayekuja mbele yako haoni gari yenye taa moja. Anaona pikipiki. Tena pikipiki iliyojibana pembeni, imemwachia nafasi tele. Naye anaitumia nafasi ile, na nafasi ile ndiyo ubavu wako, ndipo alipokaa dereva. Barabara zetu za Pemba mnazijua, kona na vilima, miti imekaribia lami. Hapana pa kukimbilia.

Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya chini ya bahari ilipoharibika, wanakumbuka. Miezi 3 bila ya umeme. Mimi wakati ule nilikuwa Mwanakwerekwe. Usiku hapana taa ya duka wala ya nyumba, barabarani mwanga ni wa gari peke yake. Hapo ndipo nilipoona gari ngapi zinatembea na jicho moja. Mchana zote zilikuwa nzima.

Sasa nikupeni kisa cha mzee mmoja, na nitakwenda nacho polepole, maana kila kitu kimo humo.

Mzee huyu ana Land Rover ya zamani ya kubebea samaki. Anapakia Msuka, anashuka Chake usiku kabla ya alfajiri. Taa ya kulia imefifia, nyekundu kama kaa linalokwisha. Kabla ya kufika kwangu alishabadilisha glopu tatu, fyuzi, na swichi nzima ya usukani iliyoagizwa Unguja, ikasubiriwa boti wiki nzima. Mtauliza swichi kwa nini. Kwa sababu gari ilikuwa na dalili nyengine: akiwasha dimu, yaani mwanga wa chini, akipita penye mashimo, taa ya kulia inazidi kufifia, na kile kitaa cha buluu cha full, yaani mwanga wa mbali, kwenye dashibodi kinameta. Mzee akasema, "Fundi, gari inajitia full yenyewe." Na fundi aliyenitangulia akasema, full inajiwasha, basi mbovu ni swichi. Ukiisikiliza haraka, inaingia akilini.

Swichi mpya ikafungwa. Kitaa cha buluu kikaendelea kumeta.

Hapa nataka masikio yenu, kwa sababu kitaa kile kilikuwa kinautaja ugonjwa tangu siku ya kwanza, na hapana aliyekisikiliza. Glopu ya H4, hii ya taa ya mbele, ina miguu mitatu na nyuzi mbili ndani. Uzi wa dimu ni wati 55, uzi wa full wati 60. Mguu mmoja wa dimu, mmoja wa full, na wa tatu ni wa pamoja, nyuzi zote mbili zinakutana hapo. Kwa Land Rover, mguu wa pamoja unakwenda kwenye bodi kwa waya mweusi. Waya wa buluu wenye mstari mwekundu ni dimu, wa buluu wenye mstari mweupe ni full. Moto, yaani umeme unaotoka chanya ya betri, unaingia kwa dimu, unapita kwenye uzi wake, unatokea kwenye mweusi, unarudi kwenye betri kwa njia ya bodi na chesisi.

Haya, mweusi umeachia. Moto uende wapi? Umeshaingia ndani ya glopu na mlango wa kutokea umefungwa. Basi unapita kwenye uzi wa full kinyumenyume, unatoka kwenye waya wa full, na waya ule unafika sehemu mbili: kwenye taa ya kushoto, ambako bodi ni nzima, na kwenye kitaa cha buluu. Umeme uliokuwa wa uzi mmoja sasa unagawiwa nyuzi tatu zilizofuatana, hapana hata mmoja unaoshiba. Taa inakuwa nyekundu, kitaa kinameta. Swichi haikufanya kosa lolote. Gari ilikuwa inatafuta njia ya kurudi kwenye betri.

Nikawasha injini, nikawasha dimu, nikaziacha zinawaka. Betri ilisoma volti 13.9. Kwenye miguu ya glopu ya kulia nikapata 10.6. Volti 3.3 zimepotea njiani. Zimepotelea wapi? Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, ncha ya pili kwenye mguu wa bodi wa glopu. Mita ikasoma 2.6. Hapo hapatakiwi kuzidi 0.2. Upande wa moto ulikuwa umepoteza 0.7 tu, na hiyo kwa gari ya umri ule ningeivumilia.

Kuna anayesema moyoni, volti mbili tatu kitu gani? Kitu kikubwa sana. Mwanga wa glopu haushuki hatua kwa hatua na volti, unaporomoka. Punguza volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Glopu hizi hupimiwa mwanga wake kwa volti 13.2. Kwa 10.6, taa ile ilikuwa haitoi hata nusu ya mwanga wake. Glopu nzima, mpya, ya tatu, na mwanga haufiki nusu.

Nikaufuata waya mweusi kwa mkono. Mtu fulani huko nyuma aliuhamisha kutoka mahala pake, akaufunga kwa skrubu ya chuma kwenye bati la ubavu, na bati la ubavu la Land Rover ni alumini. Chuma na alumini zikigusana, baina yao pakawa na maji ya chumvi, panakuwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Na gari ile inashuka mpaka pwani kupakia! Nilipofungua skrubu, chini yake palikuwa na unga mweupe kama chokaa. Juu skrubu inang'ara, imekazwa vizuri, ukiitazama utaapa kuwa ni nzima. Nikaukata mdomo wa waya, nikatia mpya, nikaushusha kwenye chesisi, nikapiga msasa mpaka chuma kikaonekana cheupe, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu yake isiingie maji. Dakika 20. Waya wa bodi ukasoma 0.1 na glopu ikapata 13.1.

Nikamwambia, "Mzee, ile glopu yako ya kwanza iko wapi?" Akaitafuta chini ya kiti, imo ndani ya kitambaa. Nikaitia. Ikawaka, nyeupe kabisa. Mzee hakusema kitu, aliushika tu mlango wa gari akaitazama. Mimi niliumia kwa ajili yake. Pesa ile ya swichi ni pesa ya samaki.

Najua nitajibiwa nini, maana najibiwa kila siku. "Fundi, hata mimi nilipima. Testa iliwaka, mita ilisoma 12." Ndiyo, uliichomoa glopu, ukapima soketi tupu. Chukua kamba ya makumbi iliyooza, umebaki unyuzi mmoja. Mfunge ng'ombe aliyelala. Itamweka mpaka asubuhi, na wewe utasema kamba ni nzima. Mpeleke nayo kwenye mchezo wa ng'ombe uone. Mita haivuti umeme wa kutajika, ni ng'ombe aliyelala. Unyuzi mmoja wa waya uliobakia ndani ya kutu utakusomea volti 12 bila ya tatizo. Glopu ya wati 55 inataka zaidi ya ampea 4, na hapo ndipo unyuzi ule unaposhindwa. Kwa hivyo soketi iwe imechomekwa, taa inawaka, na ncha ya mita uipenyeze kwa nyuma ya soketi. Ukipima taa imezimwa, hujapima.

"Sina mita." Haya. Chukua waya mnene, ncha moja uifunge kwenye hasi ya betri, nyengine uiguse mguu wa bodi wa glopu, taa ikiwa inawaka. Mwanga ukipanda ghafla, ugonjwa umeshaupata, na hukutumia hata shilingi.

Lakini, na hapa simameni kidogo, usifanye hivyo kwa Toyota kabla ya kujua mguu upi ni upi. Toyota nyingi za zamani taa zake zinakatiwa upande wa hasi. Mguu wa pamoja hauendi kwenye bodi, una moto taa zikiwashwa, na swichi ya usukani ndiyo inayoamua kati ya dimu na full ipi ipelekwe kwenye bodi. Ukiuchukulia mguu ule kuwa ni wa bodi ukaugusisha waya wako, umepiga shoti, fyuzi imekwenda. Nimeona kijana amechoma fyuzi nne kwa asubuhi moja, anazidi kutia kubwa zaidi mpaka waya ukaanza kutoa moshi. Kwa hivyo kabla ya yote, washa taa, pima kila mguu kwa bodi, ujue gari iliyo mbele yako inakatia wapi. Kwa Toyota za namna hiyo waya wa bodi hauko pale kwenye taa, umepitia ndani ya swichi. Dimu zote mbili zikifa na full zote mbili ni nzima, hapo mimi mwenyewe nitakwenda kwenye swichi. Na nyingi ya gari hizo kila taa ina fyuzi yake, kulia yake na kushoto yake. Ikifa taa moja, dimu na full kwa pamoja, anza na fyuzi ya upande huo. Nyuzi mbili za glopu ni nadra kukatika siku moja.

Wa tatu anasema, "Weka glopu ya wati 100, mambo kwisha." Mambo hayajaisha, yameanza. Waya na swichi zimetengenezwa kubeba ampea 5 kwa taa. Wati 100 inataka zaidi ya 8. Penye kutu ndipo panapopata moto, soketi inayeyuka, na swichi ya usukani inaungua kwa ndani usiione. Na taa yenye bodi mbovu ukiizidishia wati, unazidisha kinachopotelea kwenye kutu.

Wa nne ni huyu wa siku hizi, wa LED. Kwa hili sitaki kugombana na mtu, lakini nisikilizeni. Kikombe cha taa ya zamani kilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahala pamoja. Ukitia LED isiyokaa pale pale, mwanga unatawanyika, unampiga machoni anayekuja, na barabara yako haikuongezeka kitu. Kisha LED inavuta umeme kidogo, kwa hivyo itawaka vizuri hata kwenye waya mbovu. Utadhani umeponya gari. Kutu iko pale pale inakula, na siku itakapoachia kabisa itaachia usiku, njiani.

Muda unanikimbia. Rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, nilitaka kuizungumza kirefu, haiwezekani leo. Mengine nayapitia tu. Glopu ya H4 usiishike kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanakifanya kipate moto mahala pamoja kikapasuka. Ukishaigusa, ifute kwa spiriti. Glopu zinazokatika kila mwezi, pima betri injini ikivuma: ikipita volti 15, ugonjwa ni wa chaji, taa haina kosa. Kioo cha plastiki kilichoingia umanjano kisuguliwe, hicho kinakula mwanga mwingi. Maji ndani ya taa, tafuta mpira uliopasuka nyuma. Na kila ukigusa taa, urudi uipime ukutani imeelekea wapi.

Na ukuta ndio nitakaomalizia, kwa sababu giza linaingia na ndio wakati wake. Kijana yule aliyekaa karibu na mlango amekuja na gari, taa ya kulia imefifia, na mkononi ana glopu mpya, hata boksi hajaifungua. Itie mfukoni, mwanangu. Igeuzeni gari iutazame ukuta wa skuli, mmoja akae kwenye usukani awashe injini na dimu, mwengine aniletee msasa. Mita ninayo mimi.