Picha Hii Ilikuwa ya Nani?

Wengi wenu mmeshanisikia juu ya jambo hili la sanaa iliyoporwa na Wanazi, na leo nalirudia, kwa sababu bado watu wananionyesha picha nzuri na kunitajia bei yake tu. Bei baadaye. Niambie kwanza ilikuwa ya nani.

Tazameni hii. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, *Bord de Mer*, yaani ufukweni, mwaka 1865 hivi. Monet ana miaka kama 25, na jina la uimpreshonisti, mtindo wake wa uchoraji, halijazaliwa bado. Ni chaki za pasteli juu ya karatasi: pwani ya Normandy, miamba, maji. Upana wake ni sentimita 28 hivi, mtu anaibana kwapani akaondoka nayo.

Mwaka 1936 Adalbert Parlagi, Myahudi wa Vienna, aliinunua mnadani. Machi 1938 Hitler akaimeza Austria. Parlagi na mkewe Hilda wakakimbia na watoto, wakaishia London. Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo watu huteleza. Vitu vyao walivikabidhi kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji palepale Vienna, ili viwafuate. Kila nikifika hapa kuna anayeuliza: si waliiacha wenyewe? Hapana! Mzigo uliowekwa ghalani haujaachwa. Ukimwachia jirani ufunguo ukaenda msibani, nyumba haijawa yake. Nimelisema hili mara nyingi, na nitalisema tena.

Mwaka 1940 Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, wakauchukua mzigo ule. 1941 picha ikapigwa mnada kwenye nyumba ya mnada ya Dorotheum, Vienna, ikanunuliwa na Adolf Weinmüller, dalali wa Kinazi. Hapo ndipo ninapokasirika. Kwa nje ni mnada kama mnada wowote: kuna muuzaji, kuna mnunuzi, kuna fedha. Lakini wizi hata ukigongewa nyundo ya mnada ni wizi uleule.

Vita vilipokwisha Parlagi akaanza kutafuta. Alitafuta mpaka akafariki mwaka 1981. Mwanawe akaipokea kazi hiyo, naye akafariki 2012, hajaiona. Miaka minne tu baadaye, 2016, picha ikaibuka kwenye maonyesho Ufaransa! 2017 ikafika kwa mfanyabiashara wa sanaa New Orleans, 2019 ikanunuliwa na mume na mke wa jimbo la Washington. 2021 shirika la London linalofuatilia sanaa iliyoporwa Ulaya likawapa FBI taarifa, na 2023 ikaonekana ikiuzwa Houston.

Mtaniambia wanunuzi wale walikuwa na nia njema, sasa kosa lao nini? Sisemi wana kosa. Walipoelezwa ilikotoka waliiachia kwa hiari, na kwa hilo nawaheshimu sana. Ninachokataa ni nia njema kutumiwa kumnyamazisha anayeuliza. Picha ya Ulaya ikiletwa kwako na karatasi za umiliki wake zikaruka miaka ya 1933 hadi 1945, miaka ya utawala wa Wanazi, pengo hilo linakwambia kitu. Usitoe hela. Uliza, tena mwulize muuzaji mbele ya watu.

Tarehe 9 Oktoba 2024, New Orleans, wajukuu wa Parlagi wakakabidhiwa picha yao. Miaka 84 tangu iporwe.

Nilitaka kuzieleza Kanuni za Washington za mwaka 1998 juu ya sanaa iliyoporwa na Wanazi, zilizokubaliwa na nchi 44, lakini naona muda umekwisha. Niseme moja tu: si sheria. Hazimlazimishi mtu mwenye picha ukutani kwake.

Na kazi haijaisha. Familia hiyohiyo ilipokonywa pia mchoro wa rangi za maji wa Paul Signac, wa mwaka 1903, nao ukanunuliwa na Weinmüller yuleyule. Siku Monet inarudi nyumbani, Signac ilikuwa bado inatafutwa. Ni mto Seine, Paris, penye daraja la Grenelle. Ukiuona umetundikwa mahali, omba uugeuze, usome lebo na mihuri ya nyuma.