Petroli Isiyohitaji Plagi: Mwako wa Mgandamizo Ukilinganishwa na wa Dizeli

Ndugu wanafunzi, na ninyi mafundi mlioitikia mwaliko wetu,

Tangu injini ya Rudolf Diesel ifanyiwe majaribio rasmi huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, kanuni yake haijabadilika: hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yanayonyunyizwa na nozeli. Kwa sababu hiyo dizeli husifiwa kwa wepesi wake wa kujiwasha, na wepesi huohuo ndio chanzo cha uchafu wake. Mafuta huanza kuwaka kabla hayajachanganyika vyema na hewa, hivyo penye mafuta mengi hutokea masizi, na kwenye ukingo wa mwali, ambako joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, huzaliwa oksidi za naitrojeni. Tukirudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza joto, oksidi hupungua, lakini masizi huongezeka.

Mwaka 2006 mtafiti wa mafuta ya injini Gautam Kalghatgi na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia petroli katika injini ya dizeli, isiyo na plagi ya kutoa cheche, na kwangu hiyo ni hatua kubwa. Petroli hukawia kujiwasha. Ukawiaji huo, ambao kwa mtu wa dizeli ni kasoro tupu, huipa nafasi ya kugeuka mvuke na kuenea hewani kabla ya mwako, na masizi yakishapungua, moshi mwingi zaidi unaweza kurudishwa ili kuzuia oksidi. Mgandamizo mkubwa unabaki, na hewa haizibwi njiani kama katika injini ya kawaida ya petroli. Kwa hiyo ufanisi hukaribia ule wa dizeli. Tena, kwa kuwa petroli hugeuka mvuke upesi, haidai shinikizo kubwa mno la pampu.

Ugumu upo kwenye mzigo mdogo. Gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma, turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuingiza hewa kwenye silinda, haisukumi hewa ya kutosha, silinda hupoa, na petroli hugoma kuwaka. Mafuta mabichi na monoksidi ya kaboni hutoka na moshi ambao hauna joto la kuamsha kichocheo cha kuusafisha. Mzigo ukiwa mkubwa, mchanganyiko uliokwisha kuiva waweza kuwaka wote kwa mkupuo na kuigonga injini, ndiyo maana petroli hunyunyizwa kwa awamu mbili au tatu. Pampu nayo huchakaa, kwa kuwa petroli hailainishi kama dizeli. Yeyote atakayeniletea matokeo ya injini hii, nitamwomba kwanza yale ya asubuhi, injini ikiwa baridi na haina mzigo.